Maneno Makuukuu ya Waingereza Katika Posa za Laeken

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Nalisema hilo mapema ili tusipotezeane muda. Kwa miaka mingi nimesimama katikati ya familia mbili zinazopimana kwa macho, moja ikitoa binti na nyingine ikitoa mahari, na nimeona yote: bwana harusi aliyezimia kabla hajasalimiwa, shangazi aliyeficha viatu vya wageni ili wasiondoke, baba mkwe aliyekoroma huku anaombwa binti yake. Nimesema kwa niaba ya madaktari na mawakili, mimi niliyeacha shule darasa la tano kule Lubumbashi. Walinilipa, tena vizuri, na hakuna aliyeuliza cheti.

Kazi yangu ilikuwa kinywa. Wakongomani wa Brussels wakaniita Papa Kinywa, na jina likashika kuliko lile la ubatizo. Kwetu, siku ya posa, mwenye shughuli hasemi. Baba wa binti anakaa kimya, baba wa kijana anakaa kimya, na msemaji ndiye anayebeba maneno kutoka huku kwenda kule. Zamani msemaji alikuwa mjomba, au jirani mwenye ulimi. Huku Ulaya mjomba yuko mbali na jirani anagonga ukuta ukicheka kwa sauti. Nikaona pengo, nikaingia. Ninyi vijana mnaoifanya kazi hii leo mkiwa na simu mkononi, mnaandika neno na simu inatamka, njia hiyo nililima mimi. Sihitaji shukrani. Mjue tu.

Nimeacha kwa sababu ya sauti. Daktari wa koo alinichungulia, akasema nyuzi zimechakaa kabla ya umri wake. Nikamwambia si ajabu, zimefanya kazi ya watu wanne. Basi sasa naandika, na ninaandika kwa Kiswahili bora tulichofundishwa kanisani, si kile cha nyumbani, ili hata Mtanzania akisoma asiseme Papa Kinywa hajui lugha.

Nianze na Kiingereza, maana hapo ndipo wengi wenu mnajikwaa.

Kiingereza changu cha kwanza nilikiokota Ndola, nikivuka mpaka kwenda kununua unga wa mahindi. Kilikuwa kizuri kwa kazi yake. Bei gani, punguza, rafiki yangu njoo huku. Lakini siku ya kwanza nilipoitwa kusema kwenye posa ya kijana wa Kiingereza, pale mtaani Etterbeek, hapa Brussels, nilikwenda na Kiingereza hichohicho, na ilikuwa kama kwenda kanisani na ndala. Kwa Kiswahili nilisema vizuri sana: tumesikia wageni wameona ua katika uga wetu, wamelisifia harufu, wanauliza nani analimwagilia maji. Kisha nikawageukia Waingereza, na kilichonitoka ni: mnamtaka msichana? Wakasema ndiyo. Shughuli ikaisha kabla chai haijapoa. Mama wa binti alinifuata mpaka kwenye ngazi.

“Papa, umeuzisha mutoto wangu sawa kilo ya bunga.”

Sikulala vizuri. Si kwa sababu alinitukana, bali kwa sababu alikuwa na haki.

Wakati huo, siku za kazi, nilikuwa nasafisha ngazi za majengo. Katika jengo moja la Etterbeek, ghorofa ya tatu, alikaa Mwingereza mmoja mzee, Bwana Edmund, mfasiri aliyestaafu. Jengo halikuwa na lifti. Mzee alipanda na mfuko wake wa viazi na vitunguu, na kila palipo na nafasi ya kugeukia alisimama kupumua. Nilipomwambia shida yangu, alifurahi kama mtu aliyeulizwa habari za mtoto wake. Akaniambia mji huu umejaa Kiingereza cha mikutano, kila mtu anakiongea na hakuna anayeishi ndani yake. Yeye alipenda maneno ambayo Waingereza wenyewe waliyatupa. Basi kila alipopumua alinipa neno moja, mimi nimeegemea ufagio. Hiyo ndiyo shule yangu. Ninyi mnalipia kozi.

Siku moja alinipa “overmorrow”. Maana yake kesho kutwa. Akaongeza “ereyesterday”, maana yake juzi. Akaniambia kwa huzuni kwamba Waingereza wameyaacha maneno hayo, siku hizi wanasema siku baada ya kesho, siku kabla ya jana, kama watu wanaoelekezana njia. Nilicheka mpaka ufagio ukaanguka. Nikamwambia kwetu mtoto anayeanza kusema anajua juzi na kesho kutwa. Nikamwambia pia Waswahili wa pwani wana siku ya mbele zaidi, mtondo, na baada ya hiyo wana mtondogoo. Bwana Edmund aliweka mfuko chini, akakaa kwenye ngazi iliyokuwa bado na maji. Akaniomba nirudie.

Tangu siku hiyo hatukuwa tena msafishaji na mkazi. Tulikuwa wafanyabiashara wawili. Alinipa “apricity”, joto la jua katika siku ya baridi, lile la mwezi wa pili hapa Brussels ambapo watu wote wanageuza nyuso upande mmoja kama kuku. Alinipa “groak”, kumkodolea macho mtu anayekula ukitumaini atakukaribisha, na mimi nikampa kudoea. Alinipa “fudgel”, kujifanya unafanya kazi na hufanyi chochote, na nikamwonyesha msimamizi wangu aliyekuwa chini barabarani na karatasi zake. Alinipa “scurryfunge”, zile mbio za kusafisha nyumba wageni wakiwa wameshabonyeza kengele. Hilo lilinifaa kuliko yote. Nani kati yenu hajamwona mama wa binti akisukuma nguo chini ya kitanda kwa mguu huku anasema karibuni?

Sasa sikilizeni jinsi nilivyoyatumia, maana hapa ndipo penye fedha. Posa ya kwetu inasemwa kwa lugha iliyofunikwa. Huwezi kuomba binti kwa Kiingereza cha uwanja wa ndege. Nilipofungua shughuli na kuwaambia Waingereza kwamba ujio wao umeleta “apricity” nyumbani humu, walitazamana. Nao hawakulijua. Ndipo nikaeleza polepole, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, na ghafla watu wote chumbani walikuwa wanajifunza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Neno lisilojulikana na yeyote halimpi mtu ukubwa juu ya mwenzake. Profesa wa Kiingereza na shangazi kutoka Likasi wanakuwa darasa moja. Hakuna aliyenifundisha hilo. Niliona mwenyewe.

Nilikosea pia, ingawa si mara nyingi. Bwana Edmund alinipa “buxom”, akasema hapo kale lilimaanisha mtu mtiifu, mpole, anayeinama mbele ya wakubwa. Nikalipenda. Nikaenda Berchem-Sainte-Agathe na kumsifu binti wa watu kwamba ni “buxom” kuliko mabinti wote wa ukoo. Waingereza wakawa wekundu. Mama wa kijana akatazama dirishani. Ndipo nikajua kwamba neno lile halikufa, lilihama tu, na siku hizi linataja kifua cha mwanamke. Tulicheka, ikapita. Lakini andikeni hili: neno lililokufa ni salama, lililohamia kazi nyingine ndilo la kuogopa.

Mengine ya kazi ni madogo lakini yanalisha. Kula kabla hujaenda, maana msemaji mwenye njaa anafupisha. Usikae kwenye kochi, utazama ndani na hutaweza kusimama kwa heshima. Jua majina ya mashangazi kuliko majina ya wachumba. Kiasi cha fedha kisemwe kwa Kifaransa, kwa maneno ya kawaida kabisa, na kirudiwe. Na mtu akisema jambo zito, usilitafsiri kwa pumzi ya kwanza. Omba maji. Kunywa mpaka mwisho wa glasi. Katika glasi moja ya maji nimeokoa ndoa nyingi.

Hiyo kanuni ya maji niliitunga mimi. Na mimi ndiye niliyeisahau, katika posa moja mtaani Laeken.

Maman Bernadette alikuwa mjane. Binti yake Nadège alipendana na Tom, Mwingereza aliyefanya kazi ofisini Etterbeek, kijana mwenye adabu. Mambo yalikuwa sawa isipokuwa moja: kwa kuwa baba alikuwa amefariki, mahari ilipaswa kupokelewa na ndugu wa baba, na ndugu wa baba aliyebaki ni mmoja tu, Tonton Ngoie wa Lubumbashi. Siku hizi tonton wa namna hiyo anapokea mahari kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya soda. Tonton Ngoie alikataa simu. Alisema mkono haupiti kwenye kioo. Wakahangaika na viza mpaka akaja. Kwa hiyo kila mtu alijua: mkono wake ukipokea, harusi ipo. Usipopokea, Maman Bernadette hakanyagi kanisani, na Nadège alikwisha kusema bila mama yake haolewi. Nami nilikuwa nimewaahidi wote kwamba shughuli ninayoisimamia mimi haijawahi kuvunjika. Ilikuwa kweli.

Upande wa kijana alikuja baba yake, Bwana Harold, mfuga kondoo kutoka kaskazini ya Uingereza. Mtu mpana, koti la sufu, mikono ambayo haikujua pa kukaa. Aliketi ukingoni mwa kiti na kumwamkia kila aliyepita, hata watoto. Hakuwa na msemaji, basi nikawa kinywa cha pande zote mbili, kwa malipo ya upande mmoja na nusu.

Nilifungua kwa “apricity”, ikakubalika kama kawaida. Kisha watoto walikuwa wanazitazama sahani za kuku mezani, nikatania kwamba tuna hapa kundi la wanao-“groak”. Kabla sijaeleza, Bwana Harold akacheka, yeye peke yake. Akasema bibi yake alikuwa akimchapa kwa kosa hilohilo.

Sikushangaa. Nilifurahi tu. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiuza maneno ya makaburini, na sasa mbele yangu alikuwa mtu aliyekulia nayo jikoni. Mzee akalegea. Akasogea katikati ya kiti. Akaanza kunitazama kama mtu wa kijijini kwao, na chumba kizima kama nyumba ambayo mambo ya zamani bado yanaheshimiwa. Hapo ndipo mambo yalipoanzia, ingawa sikujua.

Mahari, ambayo kwetu tunaiita dot, ikapita. Bahasha, suti ya tonton, vitenge vya Maman Bernadette, mbuzi waliogeuzwa kuwa fedha kama tufanyavyo mjini. Tonton Ngoie akapokea kwa mikono miwili. Vigelegele vikapigwa mpaka jirani akagonga ukuta. Tulikuwa tumebakiza kumwita Nadège atoke chumbani. Ndipo Bwana Harold akasimama, akatembea hadi mbele ya tonton, akafungua kiganja chake, na kusema anasubiri “luck-penny” yake.

Neno hilo nililijua. Bwana Edmund alinipa siku ya mvua: ni sarafu ambayo muuzaji wa mifugo humrudishia mnunuzi baada ya kupeana mikono, iwe bahati kwa wote wawili. Alisema huenda kuna vijiji bado vinaitumia. Na sasa hii hapa, hai, kiganjani. Kifua kilinijaa. Sikuomba maji. Niligeuka na kuitafsiri papo hapo, kwa sauti yangu nzuri, neno kwa neno: mzee anaomba arudishiwe kidogo katika alichotoa, ndiyo desturi yao wanapouziana kondoo.

Tafsiri ile ilikuwa sahihi kabisa. Msahihishaji wa mtihani angenipa alama zote.

Tonton Ngoie aliiweka bahasha mezani, taratibu, akaivuta suti kutoka magotini na kuilaza juu yake.

“Bon,” akasema. “Arudishiwe. Kwetu falanga ya dot inarudia siku moja tu, siku bwana na bibi banaachana. Alors achukue yote, mutoto atabakia na mama yake.” Akaniangalia mimi, si Bwana Harold. “Na kondoo ni nani mu hii nyumba?”

Maman Bernadette alikaa chini na kuweka kitambaa mdomoni. Tonton akaenda kuchukua begi lake dogo lililokuwa nyuma ya mlango. Bwana Harold bado alikuwa amesimama na kiganja wazi, anatabasamu, hajui kilichotokea. Kisha mlango wa chumba ukafunguliwa na Nadège akatoka, jambo ambalo bibi harusi hafanyi kabla hajaitwa. Alikuwa amevaa kila kitu isipokuwa viatu.

“Papa Kinywa, umewaambia nini?”

Ndipo nikaomba maji.

Maman Bernadette aliniletea mwenyewe. Nilikunywa mpaka mwisho. Kisha nikamgeukia Bwana Harold na kuyaacha maneno makuukuu yote. Nikatumia kile Kiingereza changu cha Ndola, cha unga. Nikamuuliza: hiyo sarafu lazima itoke katika fedha ulizoleta?

Alishangaa. Akasema haihusiani na fedha hizo.

“Hakuna kilichouzwa hapa,” akasema. “Siku nilipopeana mkono na baba wa mke wangu, alinipa sarafu, na mpaka leo ninayo. Nikirudi nyumbani na kiganja kitupu, ni kama sikupokelewa.”

Basi tazameni, vijana. Mzee mmoja hawezi kutoa hata senti, maana akitoa amevunja ndoa. Mzee mwingine hawezi kuondoka bila kupewa, maana akiondoka amefukuzwa. Wote wawili wana haki, na wote wawili wanamtaka binti huyu aolewe. Kati yao yupo nani? Yupo kinywa. Nilimwambia Tonton Ngoie kwa Kiswahili cha nyumbani kwamba dot iko mezani, hakuna aliyeigusa na hakuna atakayeigusa. Lakini kinywa cha nyumba kina mfuko wake, na kinachotoka katika mfuko huo si dot, hakirudi, kinakwenda mbele.

Nikatoa noti ya euro hamsini, maana mbele ya watu sitoi tano. Bwana Harold akatikisa kichwa. Karatasi haikumfaa. Alitaka chuma. Nikapapasa mifuko yote ya suti na kupata sarafu moja, ya euro mbili, niliyoiweka kwa ajili ya mashine ya kuegesha gari. Niliiweka kiganjani mwake na kupiga kiganja changu juu yake.

Mzee aliinua sarafu mpaka mdomoni, akaitemea mate.

Shangazi mmoja alisema Yesu. Bwana Harold hakumsikia. Aliyasugua mate kwa kidole gumba, polepole, akiwa amefumba macho na midomo yake ikienda kama mtu anayetaja majina. Kisha akaitia mfukoni, upande wa moyo.

Tonton Ngoie alikuwa mlangoni, begi begani. Alisimama hapo akitazama. Kwetu mtu mkubwa akikuombea safari ndefu, anakutia mate kidogo kwenye paji la uso. Tonton alitiwa na baba yake, baba yake alitiwa na wake, na siku anaondoka Lubumbashi, kama alivyonisimulia baadaye, aliwatia wajukuu wote mmoja mmoja kwenye uwanja wa ndege.

“Ah,” akasema. “Kumbe huyu balimulea.”

Akaweka begi chini. Akarudi, akaichukua bahasha mezani, akaiweka katika mfuko wa ndani wa koti. Kisha akalowesha kidole chake, akakiweka kwenye paji la uso la Nadège, halafu la Tom, ambaye alilazimika kuinama. Bwana Harold aliyatazama hayo na kuitikia kwa kichwa, kama mkulima anayeona jirani amepanga mawe ya ukuta vizuri. Hakuna aliyeomba tafsiri, na mimi sikutoa.

Nilidhani nimemaliza. Nilikuwa najiandaa kupongezwa. Lakini Tonton Ngoie alipokwisha kukaa na kupewa sahani, aliniita kwa kidole.

“Na weye, Papa Kinywa. Siku ya dot, mu nyumba ya dot, ulitamka kurudisha. Ile neno iko na amende.”

Akanitajia faini hiyo kwa Kifaransa, kama ninavyowafundisha ninyi: mbuzi mzima, si wa kugeuzwa fedha, na kasha la bia. Nilifungua mdomo kujitetea. Nimewatetea watu wenye makosa makubwa kuliko hilo, nikawashindia. Siku hiyo nikagundua kwamba mtu anayejisemea mwenyewe anasikika vibaya sana. Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Nadège, ambaye sasa alikuwa na viatu, alisema kasha moja ni dogo, lakini tonton akawa na huruma.

Walioana kanisani Berchem-Sainte-Agathe, Maman Bernadette akiwa mstari wa mbele, na niliwasemea karamuni bila neno kuukuu hata moja, isipokuwa lile la joto la jua, maana siku hiyo lilitoka kweli. Jina langu halikupungua. Liliongezeka, na bei yangu ikapanda.

Vijana huniuliza kama ilikuwa na faida kujifunza maneno ambayo wenyewe waliyatupa. Nawaambia ndiyo, na gharama yake naijua, kwa sababu nililipa mwenyewe, siku hiyohiyo na kesho yake. Mbuzi nilimfuata kwa mfugaji nje ya mji, euro mia na arobaini na tano. Bia ilikuwa kumi na tisa na senti ishirini. Na niliposhuka barabarani nilikuta karatasi ya faini ya euro ishirini na tano kwenye kioo cha gari, maana sarafu ya mashine ilikuwa katika mfuko wa mfuga kondoo. Ukiijumlisha na sarafu yenyewe, neno moja la Kiingereza cha kale lilinigharimu euro mia moja tisini na moja na senti ishirini.